Ng'ombe wa Endiinzi Hakukimbia Vita

Uwitonze hakuleta kichupa. Alikuwa amekaa mkekani mlangoni pake, mtoto mapajani, kitenge kimemfunika mtoto hadi kwenye paji la uso. Aliniambia bila kuinua macho:

"Maziwa haiko tena, dada. Ilikauka."

Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake na kisanduku changu cha barafu. Kila mwezi nilikuja kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kuchukua maziwa ya akina mama ishirini na wawili waliojiunga na utafiti wetu, kiasi cha kijiko kimoja kwa kila mama, na katika wote hao Uwitonze ndiye aliyekuwa mcheshi. Mwezi uliopita alinikabidhi kichupa chake akisema, "Sasa munakuya kukama bantu? Ng'ombe yetu kule tulikuwa tunaiimbia kwanza. Imba!" Nikaimba, tena vibaya, naye akacheka mpaka Ineza, binti yake wa miezi mitatu, akaachia ziwa ili atazame kulikoni.

Leo hapakuwa na mzaha.

"Ilikauka lini?"

"Leo siku kumi na mbili."

Niliposikia hesabu hiyo nikaanza kuogopa. Maziwa yanayokauka yenyewe hayana tarehe. Hupungua leo, hurudi kesho, na mama hawezi kukutajia siku. Anayeijua siku ni yule aliyeacha kunyonyesha kwa kukusudia.

Nikaomba kumwona mtoto. Alisita, kisha akakifunua kitenge.

Macho ya Ineza yalikuwa yamezama. Utosi wake ulikuwa umebonyea kama sahani. Niliifinya ngozi ya tumbo lake taratibu, na nilipoiachia ilibaki imesimama, ikarudi polepole kama kitambaa kilichokunjwa. Hakulia. Mtoto aliyekuwa akinyonya kwa kelele mpaka majirani wakamtania alinitazama tu, kama mtu mzima aliyechoka na maswali.

"Anakunywa nini?"

Aliyejibu ni Mama Byiringiro, mama mkwe wake, kutoka ndani, tena kwa fahari. "Anakunywa maziwa! Ya ng'ombe ya Endiinzi, kwa bafugaji ba hapa karibu. Mwanaume mumoja anakanyaga velo kila asubuhi kutuletea. Sisi ni bantu ba maziwa, binti yangu. Mutoto wetu hawezi kufa mu maziwa."

"Mnachanganya na maji?"

"Kidogo. Ni mazito kwa mutoto."

"Maji yamechemshwa?"

Mama Byiringiro akatoka nje, akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anaoga. "Kuni tunatoa fasi gani, weye?"

Nilimgeukia Uwitonze. Nilikuwa nimekwisha kuona tumbo la mtoto, na harufu ya kuhara ilikuwa kwenye kitenge. Nikauliza swali ambalo natamani nisingeliuliza.

"Nani alikwambia uache kumnyonyesha?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo akaniangalia usoni.

"Ni weye," akasema.

*

Wiki tatu kabla ya siku hiyo, baada ya ibada ya Jumapili, mchungaji alinipa dakika kumi na tano nieleze utafiti wetu. Mimi ni Isimbi. Nimekulia palepale kambini, na wazazi wangu walitoka Kivu ya Kusini, Kongo, kama nusu ya waumini wale. Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya chuo kikuu mjini Mbarara miezi minane kabla, na bado nilikuwa na ile furaha ya mtu aliyeelewa jambo gumu na anayetaka kila mtu alielewe kabla ya chakula cha mchana.

Niliwaambia kwamba ndani ya kila mwili kuna jeni, yaani maagizo ya jinsi ya kuwa mtu, lakini si maagizo yote yanayosomwa kila wakati. Kuna vipande vidogo mno, RNA ndogo, ambavyo hulifikia agizo linaposomwa na kulinyamazisha. Chakula tunachokula, njaa tuliyoipitia, vyote vinaweza kubadilisha ni vipande vipi vinatengenezwa na ni vingi kiasi gani. Nikasema kwamba maziwa ya mama yamejaa vipande hivyo.

"Ni kama barua," nikasema. "Mama anamwandikia mtoto wake kabla hajajua kusoma. Anamwambia dunia ikoje."

Waliguna kwa kupendezwa. Sauti ya mwanamke kutoka viti vya nyuma ikauliza, "Na mama mwenye aliona njaa, anaandika nini?"

"Anaandika njaa," nikajibu. Nililipenda jibu langu.

"Ile barua inafutika?"

Nilikuwa nimesoma jambo fulani kuhusu panya. "Nyingine hazifutiki," nikasema, nikaketi.

Nilisahau nilikuwa mbele ya nani. Kule kwetu barua si salamu. Barua ndiyo inayokubali kwamba wewe ni mkimbizi, au inayokataa. Inatoka kwenye ofisi usiyoijua, imeandikwa na mtu asiyekuona, na ikishafika huwezi kuibishia. Baba yangu aliikunja barua ya kukataliwa safari ya kuhamia ng'ambo ndani ya mfuko wa plastiki na kuitunza miaka tisa, kana kwamba ingebadilika ikitunzwa vizuri. Mimi, binti yake, nikasimama kanisani na kuwaambia wanawake kwamba miili yao inaandika barua za namna hiyo na kuwanywesha watoto.

*

"Mimba ya Ineza niliibebea mu njia," Uwitonze aliniambia pale mkekani, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kufarijiwa. "Siku kumi na saba kutoka kule milimani. Tulikula majani. Tulikula mbegu tulizobeba za kupanda. Siku zingine hatukula kitu. Byote biko mu mwili yangu, weye mwenyewe ulisema. Sasa nimupatie? Huyu alizaliwa huku. Hakuona ile njia. Nikasema, asiione."

"Uwitonze..."

"Ngoja nimalize. Niliwaza wiki muzima. Nikasema, ng'ombe ya Endiinzi haikukimbia vita. Inakula majani mazuri, inalala fasi moja tangu izaliwe. Kama ni barua, basi aandikiwe na ile."

Nilitafuta kosa katika hoja yake na sikuliona upesi. Alikuwa amefikiri kama mwanafunzi mzuri, hatua kwa hatua, kutoka kwenye maneno niliyompa. Kosa lilikuwa kwenye maneno.

"Mama Byiringiro," nikasema, "chukueni nguo za mtoto. Tunaenda Mbarara sasa hivi."

*

Dereva wetu, Cassien, ni Mrundi ambaye kwa kawaida haachi kusema tangu Nakivale hadi Mbarara. Siku hiyo alimtazama mtoto mara moja kwenye kioo, akajifanyia ishara ya msalaba, akakanyaga mafuta.

Nilikaa nyuma na Uwitonze. Niliweka mkono kwenye kifua cha Ineza na kuhesabu pumzi, kisha nikaanza tena, kwa sababu kila nilipofika sitini niliogopa kwamba sitapata ya sitini na moja. Mama Byiringiro alikuwa mbele, akiomba kwa sauti ya chini. Baada ya muda nilitambua kwamba maombi yake yalikuwa yameshikana na hesabu yangu, neno kwa pumzi.

Kabla ya kufika kwenye lami tukakuta ng'ombe. Walikuwa wamejaa barabara nzima, wenye pembe ndefu, wanatembea kama wenye barabara. Cassien akapiga honi. Hakuna aliyegeuza hata sikio.

"Chunga ng'ombe zako, bwana! Tuna mugonjwa!" Cassien alipaza sauti dirishani.

Mchunga ng'ombe, kijana mwenye fimbo shingoni, akajibu bila haraka, "Nao wanaenda, ssebo. Ngoja kidogo."

Nikaangalia kifua cha Ineza. Kilisimama. Nasema kweli, kilisimama, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne kimyakimya, kisha kikapanda tena. Uwitonze alikuwa ameona. Vidole vyake vilinishika kifundo cha mkono na kukibana hadi kikafa ganzi.

Mama Byiringiro akafungua mlango. Mwanamke yule wa miaka sitini na kitu, mwenye goti bovu, alishuka kati ya pembe zile, akatoa mluzi mkali wa kukatika mara tatu, akampiga fahali wa mbele kwa kiganja kwenye shingo na kumwambia jambo kwa lugha ya nyumbani. Fahali akageuka. Wote wakamfuata, kushoto, hadi kwenye majani. Kijana yule akabaki ameachama.

"Umewaambia nini?" Cassien alimuuliza mama yule aliporudi garini.

"Nimewaambia batoke mu njia yangu. Endesha!"

*

Sista Ancilla, aliyetupokea wodini katika hospitali ya Mbarara, ni Munyankore, mwenyeji wa huko, mwenye mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Alimweka Ineza kwenye mizani. Kilo nne na gramu mia saba. Mwezi uliopita nilimpima mwenyewe: tano na mia nne.

"Bambi, masikini, mtoto imekuwa kama kitambaa," akasema, huku tayari akipitisha mrija mwembamba puani. "Maji tunaweka pole pole. Mtoto namna hii ukimpa haraka, moyo inashindwa. Sasa mama, nyabo, sema. Nani aliachisha huyu mtoto?"

Uwitonze akaushika mguu wa Ineza.

"Mungu amekuwekea maziwa mbili hapa kifuani, bure kabisa, halafu unaenda kutafuta ya ng'ombe. Ni ng'ombe ilibeba mimba? Nani alikudanganya?"

Nilifungua kinywa. Niliiona kazi yangu ikiondoka, niliuona mradi ukifungwa, niliwaona watu wakisimuliana kambini kwamba binti wa Kikongomani aliyesomeshwa ameua mtoto kwa maneno. Kinywa kikabaki wazi bila sauti.

"Ni miye mwenyewe," Uwitonze akasema. "Hakuna mutu."

Alinikinga, akiwa na mtoto anayeweza kufa wakati wowote. Nilitoka nje, nikajificha nyuma ya tanki la maji.

Kesho yake asubuhi macho ya Ineza yalikuwa yamerudi kidogo na alikuwa amekojoa. Sista Ancilla aliuona mkojo kama mtu anavyoiona mvua ya kwanza. Lakini hakutupa nafasi ya kufurahi.

"Maji imerudi, sawa. Sasa sikiliza. Mtoto wa miezi nne, pale kambini, na chupa, na maji ya kidumu? Wiki mbili atarudi hapa. Ama hatarudi popote. Lazima anyonye mama yake. Maziwa inaweza kurudi, tunajua namna ya kuirudisha. Lakini mama lazima akubali."

Uwitonze aligeuza uso ukutani.

"Mutanipa ya ndani ya paketi," akasema. "Nitachemsha maji. Nitauza nguo, nitanunua makaa. Ile yangu, hapana."

Sista alibembeleza, alifoka, akabembeleza tena. Uwitonze hakugeuka. Hatimaye sista alinivuta kando. "Wewe ni mutu yao. Ongea na yeye. Leo ama kesho, maana kifua inazidi kulala."

*

Nilipanda kwa miguu hadi mtaa wa Kamukuzi, kwenye nyumba iliyopangwa na mradi wetu, ambako friza tatu zenye maziwa ya akina mama zinanguruma sebuleni na mkuu wetu, Dokta Capitoline, anafanyia kazi jikoni kwa sababu ndiko kuna dirisha zuri. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimaliza, nikangoja afoke.

Hakufoka. Alivua miwani. "Isimbi, katika yale uliyowaambia kanisani, tunayajua mangapi?"

"Tunajua kwamba RNA hizo zimo kwenye maziwa."

"Ndiyo."

"Tunajua kwamba chakula cha mama hubadilisha baadhi yake."

"Baadhi. Na zikifika tumboni mwa mtoto?"

"Nyingine hustahimili asidi, kwa sababu zimefungwa ndani ya vifuko vya mafuta."

"Halafu?"

Nikaangalia dirishani.

"Halafu, Isimbi?"

"Hatujui. Wengine wanaamini zinaingia mwilini na kufanya kazi. Wengine wanasema zinasagwa kama chakula kingine chochote."

"Na hilo la kutofutika ulilitoa wapi?"

"Kwenye panya. Na kwa watu ambao mama zao walipata njaa wakiwa na mimba."

"Njaa iliyompata mtoto akiwa tumboni, si kupitia maziwa." Alizitazama friza kupitia mlangoni. "Tuliomba kuufungua utafiti huu kwa sababu hatujui. Wewe ukaenda ukawapa jibu."

Ningependelea anipige. Nilimuuliza, nikiwa nalia sasa, kuhusu akina mama wengine ishirini na mmoja. Je, kama wamo wengine walioacha? Hilo lilikuwa limenitisha tangu alfajiri na nilikuwa naogopa kulitamka. Alikwisha kuinua simu kabla sijamaliza. Alimpigia Patrice, mhudumu wa afya wa kijiji kule Nakivale, akamwomba apite nyumba kwa nyumba siku hiyohiyo.

"Na Jumapili," akaniambia, "utasimama palepale uliposimama."

*

Mama Byiringiro alinisubiri kwenye korido ya hospitali, goti lake limefungwa kitambaa.

"Mwambie tu ulidanganya," alininong'oneza. "Mwambie ile barua ni uongo, hakuna barua, mulitunga. Atakubali. Mungu atakusamehe, ni juu ya mutoto."

Nilimwangalia. Ilikuwa rahisi kiasi gani! Neno moja, na Ineza angerudi kifuani. Niliingia wodini nikiwa nimelishika neno hilo mdomoni kama kidonge.

Uwitonze alikuwa akimpangusa mtoto masikio. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikafikiri, huyu alinikinga jana. Nikakimeza kidonge.

"Nilisema mambo nisiyoyajua," nikamwambia. "Barua zile zipo, nimeziona kwa vipimo. Lakini kama mtoto anazisoma, sijui. Hakuna anayejua bado. Hilo la kutofutika nililisema kwa sababu lilinipendeza."

Aligeuka akanitazama.

"Hujui."

"Sijui."

"Ulisimama mu kanisa, na ile koti ya mweupe, na kalamu mbili mu mufuko, na hujui?" Sauti yake ilikuwa inapanda. Mama wa kitanda cha pili akageuka. "Dada wa friza! Siku kumi na mbili mutoto analilia ziwa na miye ninafunga kifua na kitenge, maziwa inamwagika mu nguo, ninalia na yeye analia, na weye hujui!"

Alipumua, akamfunika Ineza, akamfunua tena.

"Na ya ng'ombe? Nayo ina barua?"

"Nayo inazo. Za ndama. Na ya paketi, nyingi zimekufa kwa moto wa kiwandani."

"Ehe. Sasa sema mubaya yote. Kama yangu inafika, kama anaisoma. Itamufanya nini?"

Hapa nilitamani sana kupunguza. Nikamwambia jinsi wanaohofia wanavyohofia. "Huenda mwili wake utashika chakula kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kesho. Huenda atanenepa kwa haraka. Huenda atapata sukari au presha."

"Lini?"

"Akiwa mtu mzima. Miaka arobaini. Hamsini."

Uwitonze aliacha kupangusa.

"Arobaini?"

"Pengine."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kikavu kinachokwaruza. "Mama! Mama Byiringiro, kuya usikie! Ineza atapata sukari na miaka arobaini!" Akanigeukia, machozi yamemfika kidevuni. "Juu ya nini hukusema ile siku? Miye nilifikiri ni sasa. Nilifikiri ni sumu ya sasa. Arobaini, weye? Miye nilizika mutoto mumoja mu njia, alikuwa na miezi saba. Ninaomba tu huyu afike Jumapili, na unaniogopesha na arobaini!"

Sikujua habari za mtoto yule mwingine. Katika fomu zangu hapakuwa na sehemu ya kumwandika.

Akafungua vifungo vya blauzi. "Ita ule sista mwenye mudomo," akasema.

*

Kukubali kulikuwa hatua moja tu. Maziwa hayakuwepo, na mtoto hakutaka.

Sista Ancilla alibandika mrija mwembamba kwa plasta pembeni mwa chuchu, upande wa pili akautumbukiza kwenye kikombe cha maziwa ya tiba. Mtoto akivuta, apate maziwa ya kikombe, na mvuto wake uamshe kifua. Lakini Ineza alikuwa amezoea chupa. Alipoguswa na chuchu aligeuza kichwa, akajikunja mgongo, akalia kilio chembamba cha paka.

"Amenikataa," Uwitonze alisema. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Amesahau tu. Wewe ulimsahaulisha, wewe utamkumbusha," sista akasema. "Tena."

Mara nane kwa siku. Siku ya kwanza hakuvuta hata mara moja. Siku ya pili alivuta mara sita, akalala kwa uchovu, na mizani ikaonyesha amepungua gramu thelathini. Nilizisoma hizo thelathini mara tatu. Sista alianza kunijibu kwa kifupi, na nilikwisha kumfahamu kiasi cha kuogopa ufupi wake. Mama Byiringiro alikwenda uani kupika uji wa mtama kwa ajili ya Uwitonze, na karanga, na mboga ya majani ya dodo ya kuchemsha, akimlisha kama anayenenepesha ng'ombe wa mahari. "Kula. Mutoto anakula mu wewe." Uwitonze alikula huku amefumba macho, kijiko baada ya kijiko, kama dawa.

Jumapili ilifika, na Ineza alikuwa hai. Nilikwenda Nakivale na Cassien asubuhi, nikasimama pale nilipoagizwa. Patrice alikwisha kuwapata wote. Mmoja alikuwa ameanza kumpa mtoto chai ya maziwa, wengine walikuwa wananyonyesha kwa hofu. Niliwaambia nilichomwambia Uwitonze, bila koti jeupe.

Mama mmoja akasimama. "Sasa tuamini ipi, binti? Ile ya kwanza ao hii?"

"Hii."

"Juu ya nini hii?"

"Kwa sababu hii inanitia haya," nikajibu.

Hakucheka mtu. Mama yule alinitazama, akaketi, akamtoa mwanawe mgongoni na kumweka kifuani. Wengine hawakufanya hivyo. Wawili walikwisha kutoka. Sijui kama wataniamini tena, na siwezi kuwalaumu.

Njiani kurudi simu haikushika mtandao. Kila kilomita nilijiambia kwamba nitakikuta kitanda kitupu. Nilipofika wodini mchana ule nilisimama mlangoni kwanza, nikavihesabu vitanda kimoja kimoja kutoka kushoto, nikachelewa makusudi kufika cha nne, chao.

Walikuwepo. Uwitonze ameinama. Ineza alikuwa kifuani, mrija pembeni, na sista Ancilla amepiga magoti sakafuni akishikilia kikombe chini kabisa, karibu na goti la mama, ili mtoto afanye kazi. Mtoto alikuwa anavuta. Hakuvuta kwa nguvu, lakini mfululizo, na kila baada ya mara mbili au tatu koo lake dogo lilipanda na kushuka.

"Maziwa ya kikombe yanashuka?" nikauliza kwa kunong'ona.

Sista aliinua mkono wake mwingine, ule ambao sikuwa nimeuangalia. Kati ya kidole gumba na cha shahada alikuwa ameukunja mrija, ameubana hadi kucha zake zikawa nyeupe. Hakuna kilichokuwa kinapita humo.

Koo la Ineza likapanda, likashuka.

"Dakika tano sasa," sista akasema.

Uwitonze bado hakuuona mkono ule. Nilisogea kitandani ili nimwambie. Nikasimama tu mbele yake nikilia kama mtoto.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa, "toka mu mwangaza. Ninataka kumwona akimeza."